Mwanao akitakiwa kumkosoa mwenzake darasani, kaa naye hivi

Saa tatu usiku, chakula kimeliwa na vyombo vimeoshwa, lakini binti wa darasa la 11 bado yuko mezani na kompyuta aliyopewa shuleni. Mama anapomuuliza amekwama wapi, jibu linamshangaza. Binti amemaliza kazi yake zamani. Kilichomkwamisha ni kazi ya mwenzake. Mwalimu wa Kiingereza amewataka wanafunzi wasome insha za wenzao wawili kuhusu tamthilia waliyoisoma darasani, kisha waandike maoni chini ya kila insha kabla ya asubuhi.

"Si umwandikie tu kwamba amefanya vizuri, ukalale?" anasema mama.

"Niliandika hivyo wiki iliyopita, mama. Nikapata mbili kati ya kumi."

Mazungumzo ya namna hii si mageni katika nyumba za Waswahili waishio Marekani, wawe wametoka Kongo, Burundi, Tanzania au Kenya, na wawe wanaishi Louisville, Dallas au Boise. Katika shule nyingi za sekondari za huko, darasa la 11, yaani mwaka mmoja kabla ya kumaliza, ndilo la kusoma fasihi ya Marekani. Wanafunzi husoma riwaya na tamthilia, huandika walivyozielewa, kisha husomeana na kupeana maoni. Maoni hayo nayo mara nyingi huwa na alama zake.

Kwa mzazi aliyesoma enzi za kalamu nyekundu ya mwalimu, kazi hii inaweza kuonekana kama mchezo, au kama mwalimu anakwepa wajibu wake. Kwa mtoto, mara nyingi ni mtihani mgumu kuliko insha yenyewe.

Kwa nini mwalimu asisahihishe mwenyewe?

Wazazi wengi wanakumbuka agizo la "badilishaneni madaftari". Mwalimu alisoma majibu, mwanafunzi akaweka vema au kosa kwenye daftari la jirani yake, na kazi ikaisha. Hiyo ilikuwa kusahihisha. Jibu lilikuwa moja na mwalimu alikuwa nalo.

Anachotakiwa binti huyu ni kitu kingine. Insha kuhusu tamthilia haina jibu moja. Ina hoja, na hoja hiyo ama inasimama au inayumba kutegemea mwandishi ameishikiza wapi katika kitabu. Mwenzake wa darasani hatakiwi kutoa alama. Anatakiwa kumwambia mwandishi kilichompata alipokuwa akisoma: wapi alielewa, wapi alipotea, wapi alitaka kuambiwa zaidi.

Waswahili husema kinyozi hajinyoi. Mwandishi anajua alichokusudia kusema, hivyo akirudia kusoma kazi yake hujaza mapengo kichwani bila kujua kwamba kwenye karatasi hayajajazwa. Anahitaji jicho la mtu mwingine. Mwaka 1973 Mmarekani Peter Elbow alitoa kitabu kuhusu kujifunza kuandika bila mwalimu, na wazo lake kubwa lilikuwa hilo hilo: kinachomsaidia mwandishi ni kusikia kutoka kwa wasomaji wa kweli maneno yake yamefanya nini vichwani mwao. Tangu miaka hiyo utaratibu wa wanafunzi kusomeana umeenea katika madarasa ya Kiingereza ya nchi hiyo.

Mama aliyefika Mahakama Kuu

Mzazi anayeuliza kama ni halali mtoto wake kusomwa na wenzake hayuko peke yake. Mama mmoja wa jimbo la Oklahoma aliishitaki wilaya ya elimu ya watoto wake kwa sababu wanafunzi walikuwa wakisahihishana kazi na wakati mwingine kutaja alama kwa sauti mbele ya darasa. Hoja yake ilitokana na sheria ya shirikisho ya mwaka 1974 inayolinda siri ya kumbukumbu za elimu za mwanafunzi na kumpa mzazi haki ya kuziona.

Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 2002 majaji wote walikubaliana kwamba kusahihishana huko hakuvunji sheria hiyo, kwa sababu alama inapokuwa bado mikononi mwa mwanafunzi mwenzake haijawa kumbukumbu inayotunzwa na shule.

Hata hivyo, hukumu hiyo haikumwondolea mzazi nafasi ya kuzungumza na mwalimu. Mtoto anayeona aibu kusomwa kwa sababu Kiingereza chake bado kinachechemea anaweza kuombewa aanze na mwenzake mmoja badala ya wanne, au insha zisambazwe bila majina. Mzazi akiomba kwa heshima na mapema, mwalimu hupata nafasi ya kupanga.

Pesa ile ilikuwa ya nani?

Turudi mezani. Tamthilia anayoisoma binti ni A Raisin in the Sun ya Lorraine Hansberry, iliyoanza kuonyeshwa Broadway, New York, mwezi Machi 1959. Ilikuwa tamthilia ya kwanza ya mwanamke mweusi kufika jukwaa hilo. Mwandishi alizaliwa Chicago mwaka 1930, na baba yake aliwahi kununua nyumba katika mtaa wa wazungu, jambo lililozaa kesi iliyofika Mahakama Kuu mwaka 1940.

Familia ya kwenye tamthilia inaishi kusini mwa Chicago: mama mjane, mwanawe Walter na mkewe Ruth, mtoto wao Travis anayelala kwenye kochi sebuleni, na Beneatha, dada yake Walter anayetaka kuwa daktari. Choo wanachangia na majirani. Wanasubiri hundi ya dola 10,000, bima ya maisha ya baba aliyefariki.

Mwenzake binti ameandika aya fupi. Anasema Walter ni mbinafsi, amepoteza pesa za familia kwa tamaa, na kwamba tamthilia inatufundisha tusiwe na tamaa. Binti ameisoma mara tatu. Haoni kosa, wala haoni cha kuongeza.

Mama hajasoma tamthilia hiyo, na Kiingereza chake ni cha kazini na dukani. Anavuta kiti, anaomba asimuliwe kwa Kiswahili. Baada ya dakika chache anauliza swali moja.

"Pesa yenyewe ilikuwa ya nani?"

"Ya mama yao. Ni bima ya marehemu baba."

"Sasa Walter ilimfikiaje?"

"Mama alitoa 3,500 kama malipo ya awali ya nyumba. Zile 6,500 zilizobaki akamkabidhi Walter. Akamwambia 3,000 aziweke benki kwa ajili ya masomo ya Beneatha, nyingine azisimamie yeye kama mkubwa wa nyumba."

"Naye?"

"Akampa zote mtu waliyetaka kufungua naye duka la pombe. Mtu akatoroka nazo."

"Mpaka za dada yake? Hiyo siyo tamaa tu, mwanangu. Alikabidhiwa amana, akaifanyia hiana. Mwenzako ameyaandika hayo?"

Binti anarudi kwenye kioo cha kompyuta. Mwenzake hajaandika kwamba Walter alikabidhiwa pesa. Hajamtaja Beneatha. Wala hajagusa mwisho wa tamthilia, pale mwakilishi wa mtaa wa wazungu, Karl Lindner, anapotaka kuwalipa ili wasihamie kwao, na Walter, baada ya kukaribia kukubali, anakataa.

Dakika kumi baadaye maoni yako tayari. Kwa Kiswahili yangesomeka hivi: "Umesema Walter alipoteza pesa kwa tamaa, na mwanzoni nilikubaliana nawe. Kisha nikakumbuka kwamba mama yake ndiye aliyemkabidhi dola 6,500, na 3,000 kati ya hizo zilikuwa za shule ya Beneatha. Nadhani kosa lake ni kubwa kuliko unavyosema, kwa sababu aliaminiwa. Lakini mwishoni anakataa pesa za Lindner. Mtu mbinafsi angezikataa? Ukiweka tukio hilo kwenye aya ya pili, msomaji ataona kama bado unamhukumu vilevile."

Maoni hayo hayana sifa za bure wala kejeli. Yamemrudisha mwenzake kwenye kitabu. Na swali lililoyafungua limetoka kwa mama ambaye hakufungua hata ukurasa mmoja.

Somo la kipepeo

Walimu wengi wa Marekani wanaifahamu hadithi ya mtoto wa darasa la kwanza wa mjini Boise, jimbo la Idaho, aliyetakiwa kuchora kipepeo kwa kutazama picha. Mchoro wake wa kwanza ulikuwa wa kitoto kama ilivyotarajiwa. Wenzake, nao wa darasa la kwanza, waliutazama pamoja na picha halisi wakamwambia kilichotofautiana, wakianza na umbo la mabawa na baadaye michoro iliyo juu yake. Akarudia mara kadhaa. Mchoro wa mwisho, uliotiwa rangi, ungeweza kuwekwa kwenye kitabu cha wanyama.

Mwalimu Ron Berger, ambaye ameieneza hadithi hiyo, huwapa wanafunzi kanuni tatu za kukosoa: uwe mpole, utaje jambo mahususi, na useme kitu kitakachomsaidia mwenzako. Kanuni hizo zinafaa kwa kipepeo na zinafaa kwa insha ya tamthilia.

Upole maana yake ni kusema kuhusu kazi na kumwacha mtu. "Aya hii haijanishawishi" ni tofauti na "hujaelewa". Kutaja jambo mahususi ni kuonyesha sentensi au tukio lenyewe. "Kazi nzuri" haimwambii mwandishi ni kipi kizuri akilinde, na "haijakaa sawa" haimwambii ni kipi akitengeneze. Msaada ni kumpa mwenzako hatua ya kuchukua kesho asubuhi: ongeza tukio hili, eleza neno lile, sogeza aya hii mbele.

Wale watoto wa Boise walianza na umbo kabla ya michoro. Hata kwenye insha, hoja hutangulia na herufi hufuata. Mwanafunzi anayejaza ukurasa kwa kusahihisha tahajia tu anachora madoa kwenye mabawa ambayo huenda yakabadilishwa yote.

Adabu siyo kunyamaza

Watoto wa familia za Kiswahili wana kikwazo chao. Wamelelewa wasimwaibishe mtu mbele za watu. Baadhi walianza shule katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, ambako watoto wa Kikongo walifuata mtaala wa kwao kwa Kifaransa, wakakutana na Kiingereza baadaye. Mtoto wa namna hiyo hujiuliza yeye ni nani hata amkosoe mtu aliyezaliwa na lugha hiyo.

Matokeo yake ni maoni ya sentensi moja yenye sifa, na mwalimu anaona mwanafunzi asiye na la kusema, wakati nyumbani mtoto huyo huyo anabishana na wadogo zake kuhusu kila filamu.

Mzazi anaweza kumweleza kwamba kunyamaza unapoona mwenzako anakwenda mahakamani na shati limegeuzwa siyo adabu. Adabu ni kumvuta pembeni umwambie. Maoni yanayoandikwa kabla insha haijapewa alama ni huko kuvutwa pembeni. Baada ya hapo ni mwalimu atakayeliona shati.

Kuhusu lugha, kuna jambo ambalo Louise Rosenblatt alilieleza mwaka 1938 katika kitabu kilichobadilisha ufundishaji wa fasihi Marekani. Alisema maana ya kazi ya fasihi hupatikana pale maneno ya mwandishi yanapokutana na maisha ya msomaji. Kwa hiyo mtoto aliyewahi kuishi watu saba katika chumba kimoja, au aliyeona ndugu wakigombana kuhusu mali ya marehemu, anaposoma habari za familia ya Chicago inayosubiri hundi, anaona mambo ambayo mwenzake mwenye chumba chake hayaoni. Mgeni njoo mwenyeji apone.

Sharti lake ni moja. Baada ya kueleza alichokiona kwa maisha yake, lazima arudi aonyeshe kiko wapi kwenye kitabu. "Kwetu mali ya mjane haiguswi" ni mwanzo mzuri. Maoni hukamilika anapotaja tukio la mama kumkabidhi Walter pesa.

Maneno yanapouma

Fasihi ya Marekani inagusa utumwa, ubaguzi na Afrika, na wakati mwingine mazungumzo ya darasani humwangukia mtoto Mwafrika. Katika tamthilia hiyo hiyo kuna Joseph Asagai, mwanafunzi kutoka Nigeria anayemletea Beneatha mavazi ya kwao. Si ajabu mwenzake kuandika kwamba Asagai anawakilisha Waafrika wote, au kumtaka mtoto wako athibitishe kama "huko kwenu" mambo yako hivyo.

Hapa mtoto ana haki ya kujibu kama msomaji wa tamthilia, bila kugeuzwa shahidi wa bara zima. Anaweza kuandika: "Asagai ni Myoruba wa Nigeria, na hapa anazungumza na Beneatha peke yake. Ni maneno gani yake yanayokufanya uone anawasemea Waafrika wote?" Swali hilo linamrudisha mwenzake kwenye kitabu bila ugomvi.

Riwaya kama Adventures of Huckleberry Finn ina tusi la kibaguzi lililorudiwa mara nyingi. Iwapo mwanafunzi ametumia tusi hilo kwenye insha yake, au ameandika jambo la kumdhalilisha mwenzake, hapo si mahali pa maoni ya kirafiki. Mtoto aiache insha hiyo kama ilivyo na kumwarifu mwalimu, na mzazi amwandikie mwalimu siku hiyo hiyo.

Dakika ishirini zinatosha

Mzazi hahitaji kuijua fasihi ya Marekani ili asaidie. Anahitaji kukaa na kusikiliza kwa mpango.

Kwanza, mtoto asimulie kitabu kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani, kwa dakika tano. Asiposimulia vizuri, huenda hajakisoma vizuri, na hilo ni bora lijulikane mapema.

Pili, aeleze mwenzake anasema nini, kwa sentensi moja. Ikimshinda, tayari amepata maoni ya kwanza: hoja ya insha haijaonekana.

Tatu, mzazi aulize maswali ambayo angeuliza kwenye kikao cha familia. Nani alisema? Wewe umejuaje? Upande wa pili unasemaje? Kilichofuata ni nini? Maswali hayo ndiyo mwalimu anayatafuta, ingawa shuleni yana majina marefu.

Nne, mtoto aandike mwenyewe. Mzazi asimwandikie, na programu ya akili mnemba isimwandikie. Mwenzake anahitaji kujua msomaji mmoja wa kweli alikwama wapi, na hilo analijua aliyekwama tu.

Mwisho, asome kwa sauti alichoandika na ajiulize kama angependa kuandikiwa hivyo.

Siku ya kupokea

Zamu hugeuka. Kesho yake insha ya binti nayo itakuwa na maoni ya wenzake, na mengine yatamchoma. Mzazi anaposikia, ulimi huwahi: "Nani huyo anayekusema?" Hapo ndipo pa kujizuia. Mtoto akifundishwa kwamba kila anayemkosoa ni adui, atatafuta wasomaji wa kumsifu tu, na insha zake zitabaki zilivyo.

Inasaidia kuyaacha maoni hayo mpaka baada ya chakula, kisha kuyasoma tena na kuyagawa: yapi yanahusu kazi, yapi ni ladha ya mtu, yapi hayaeleweki. Mtoto halazimiki kuyafuata yote. Achague mawili yatakayoboresha insha, ayafanyie kazi, na amshukuru aliyemwandikia. Aliyeandika naye alikaa usiku.

Saa nne kasoro, binti anatuma maoni yake na kufunga kompyuta. Mama bado hajainuka.

"Hivyo mwisho wake walihamia?"

"Wanaondoka, mama. Mizigo inatolewa, wote wanatoka, yule mama anarudi kuchukua mmea wake kwenye chungu. Halafu inaisha."

"Na huko mtaani walipokewaje?"

"Hatuambiwi."

"Mwenzako wa pili ameandika nini kuhusu hilo?"

Binti anaifungua tena kompyuta.